Hofu ya Kuzima na Hofu ya Kusema

(Mazungumzo ya mshauri wa afya na wanafunzi wa sekondari. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)

Leo sikuja na mabango. Nimekuja tuzungumze juu ya gemu. Ndiyo, gemu! Usicheke.

Mwaka 1998 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa gemu ya kutisha iitwayo Resident Evil 2, ya kuchezwa kwenye PlayStation. Polisi kijana, Leon Kennedy, anaanza kazi siku ya kwanza katika Raccoon City, mji wa kubuni huko Marekani. Anakuta virusi vimegeuza watu kuwa mazombi, yaani maiti zinazotembea. Yeye na mwanafunzi wa chuo, Claire Redfield, anayemtafuta kaka yake, wanakimbilia kituo cha polisi. Risasi chache, milango mingi imefungwa. Mwaka 2019 Capcom hiyohiyo iliitengeneza upya gemu nzima.

Mimi nimecheza zote mbili. Katika ile ya zamani, kila ukipita mlangoni unaona picha ya mlango ukifunguka polepole. Sababu ni kwamba mashine ilikuwa bado inasoma chumba kinachofuata kutoka kwenye diski. Ulikuwa udhaifu wa mashine, lakini wewe mchezaji ulipata nafasi ya kuvuta pumzi. Katika ile mpya nafasi hiyo hakuna. Unatembea gizani na tochi, na zombi anaweza kusukuma mlango akakufuata.

Halafu kuna jitu limevaa kofia na koti refu, wachezaji wanaliita Mr. X. Risasi haziliui, zinalichelewesha tu. Unalisikia kabla hujaliona: du, du, du, viatu vyake kwenye korido ya pili. Siku ya kwanza kulisikia, mimi mtu mzima niliitupa pedi juu ya kochi!

Sasa utauliza, afya inaingiaje hapa? Subiri.

Ukiogopa, tezi zilizo juu ya figo zako humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo unakimbia, viganja vinatoa jasho, mboni za macho zinatanuka, tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Akili yako inajua kabisa kwamba ile ni picha tu. Mwili hausubiri maelezo, unaanza kwanza.

Ndiyo maana ukicheza mpaka saa sita usiku halafu ukajitupa kitandani, usingizi hauji. Kijana wa umri wako anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ukilala saa 4, kesho darasani unasinzia, mwalimu anakuona mvivu, kumbe ni Mr. X. Basi zima mashine angalau saa moja kabla ya kulala. Kaa, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Rudia mara kadhaa, moyo utatulia. Na tusidanganyane: gemu hii Ulaya imewekewa alama ya miaka 18. Kama una miaka 14, hiyo si yako bado, na wala si ya kumwonyesha mdogo wako.

Lakini leo nimekuja hasa kwa jambo lingine.

Alinijia kijana mmoja wa kidato cha tatu. Jina lake nalihifadhi, ila ameniruhusu niwasimulie. Alikuwa anacheza gemu hii kwa rafiki yake kila siku mpaka usiku, na masomo yameporomoka. Nikaanza kumpa mahubiri ya usingizi, kama haya niliyowapa ninyi. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mshauri, lile jitu la kwenye gemu silichukii. Nikibonyeza kitufe linasimama. Ni viatu vya baba nikivisikia usiku, hapo sina kitufe."

Nilinyamaza. Kumbe baba yake akirudi amelewa alikuwa anampiga, yeye na mama yake. Mtoto hakuwa na ulevi wa gemu. Alikuwa anachelewa kurudi nyumbani, basi.

Umeona tofauti? Hofu ya gemu umeichagua mwenyewe, na unaizima ukitaka. Hofu ya nyumbani, ya njiani, ya mtu mzima anayekugusa usipotaka, hiyo hukuichagua. Si kosa lako, na haiishi kwa kujificha.

Wachezaji mnajua: ndani ya kile kituo cha polisi kuna vyumba vyenye taipureta na kasha la kuwekea vitu. Ukiingia, muziki unabadilika, unakuwa wa upole. Kwa kawaida maadui hawaingii humo. Unahifadhi ulipofika, unapumua, unapanga pa kwenda. Hakuna mchezaji anayeona haya kuingia chumba hicho. Anayekipita bila kuingia ndiye anayepoteza kila kitu akifa.

Na wewe tafuta chumba chako. Mara nyingi chumba hicho ni mtu: shangazi, bibi, mwalimu wa malezi, muuguzi. Ukimwambia mmoja asikusikilize, usikate tamaa, mwambie mwingine. Hapa Tanzania unaweza kupiga 116 bila malipo, ni simu ya kusaidia watoto; na Kenya pia namba ni hiyohiyo. Vituo vingi vya polisi vya Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Yule kijana tulikwenda naye kwa mwalimu wake wa malezi, kisha kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Sasa anakaa kwa shangazi yake, na mama yake anasaidiwa. Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Lakini analala.

Nilipomuuliza kama bado anacheza, alicheka. "Jumamosi tu, mchana. Na bado naogopa!"

Ogopa hivyo, mwanangu, halafu uzime ukalale. Na ile hofu isiyo na kitufe, iseme. Iseme leo.