Kidole Kinapoona

Msikilizaji, mwaka 2019 Haben Girma, wakili wa Marekani ambaye mamake alitoka Eritrea akiwa mkimbizi, alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Haben ni kiziwi asiyeona. Mwaka 2013 alikuwa wa kwanza mwenye hali hiyo kuhitimu shule ya sheria ya Harvard. Ukizungumza naye, unaandika kwenye kibodi, naye anasoma maneno yako kwa vidole, katika nukta za Breli.

Huku Gusii, Kenya, nguvu ya vidole si ngeni. Pale Tabaka, mchongaji wa jiwe la sabuni hulipapasa. Kidole hunasa kasoro iliyolipita jicho. Mbona basi mtoto kiziwi asiyeona wa Kisii au Nyamira aonekane hafundishiki? Kabarnet, Baringo, ipo shule inayowafundisha watoto kama yeye, lakini ni mbali na nyumbani. Kifungu cha 54 cha Katiba kinamhakikishia elimu, lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa. Chekechea iko mikononi mwa kaunti: zianzie hapo, na walimu waliofunzwa. Nawe mzazi, usimfiche. Mpe mkono wako.