Saratani ya ini: jeni, virusi na gunia la mahindi

Mada iliyotayarishwa kusomwa katika mabaraza ya wananchi na mikutano ya vikundi vya wakulima wakati wa mavuno



Saratani ya ini huja kimya. Mtu hulima, huchota maji na kwenda sokoni huku uvimbe ukikua ndani yake bila kumuuma. Anapoanza kukonda, tumbo likajaa maji na macho yakawa ya manjano, mara nyingi ugonjwa umekwenda mbali na njia za kuuondoa kabisa zimebaki chache. Kwa hiyo mada ya leo inahusu miaka mingi inayotangulia siku hiyo: yanayotokea ndani ya seli za ini, na namna yanavyoanzia katika ghala la nyumbani.

Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli hubeba maagizo yaitwayo jeni. Baadhi ya jeni huamuru seli zigawanyike, kwa mfano kidonda kinapopona au mtoto anapokua. Nyingine huzizuia. Ni kama mfereji wa kunyunyizia mashamba. Kila shamba lina mlango wa maji unaofunguliwa kwa zamu na kufungwa zamu ikiisha, na yuko mlinzi anayepita kuhakikisha hakuna mlango ulioachwa wazi. Mlango ukikwama wazi, maji hufurika. Jeni ya ukuaji iliyokwama wazi ndiyo inayoitwa jeni ya kuchochea saratani.

Jeni hizo haziletwi na mtu mwingine. Mwaka 1976, wanasayansi Michael Bishop na Harold Varmus wa Marekani, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba jeni ya aina hii hutokana na jeni ya kawaida iliyomo katika seli zenye afya. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Funzo lake kwa familia yenye mgonjwa ni kwamba saratani si laana wala kurogwa. Ni maagizo ya mwili yaliyoharibika, na mengi ya yanayoyaharibu yanajulikana.

Katika aina ya saratani ya ini inayoonekana zaidi, uharibifu hupatikana sana katika sehemu tatu. Ya kwanza ni jeni iitwayo TERT. Kwa kawaida seli ya mtu mzima huwa na kikomo cha kugawanyika, lakini katika uvimbe 6 hivi kati ya kila 10, swichi ya jeni hii imebadilika na seli huendelea kugawanyika bila kikomo. Ya pili ni jeni ya beta-katenini, inayokwama wazi katika uvimbe 3 hivi kati ya 10. Ya tatu ni TP53. Hii haichochei saratani. Yenyewe ndiyo mlinzi wa mfereji. Ikiharibika, seli zenye makosa hupita bila kuzuiwa.

Nani humuumiza mlinzi huyo? Mara nyingi ni kuvu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kula chakula kilichotengenezwa kwa njugu karanga zenye kuvu. Uchunguzi ulifichua sumu ya aflatoksini, ambayo pia huitwa sumukuvu. Ini linapojaribu kuisafisha sumu hii, huigeuza kuwa kitu kikali kinachojibandika kwenye DNA. Mwaka 1991, watafiti waliochunguza wagonjwa wa Qidong nchini China na wengine wa kusini mwa Afrika walikuta kosa lilelile, mahali palepale: agizo la 249 la jeni ya TP53. Ni kama mwizi anayeacha alama ya kidole kila nyumba anayoingia.

Wakenya wanaikumbuka sumu hii kwa uchungu. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Hao waliuawa na kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Kiasi kidogo kinacholiwa kila siku hakimwangushi mtu. Huharibu jeni polepole, na madhara yake yakaonekana baada ya miaka mingi.

Mshirika wa sumu hii ni virusi vya hepatitisi B. Virusi hivi huweza kuchomeka DNA yake ndani ya DNA ya seli ya ini, mara nyingi karibu na jeni ya TERT, na kuiamsha. Utafiti uliofanywa Shanghai miongoni mwa wanaume zaidi ya 18,000 ulionyesha kwamba aflatoksini peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi, na virusi peke yake mara 7. Vyote viwili vilipokutana kwa mtu mmoja, hatari ilifika karibu mara 60.

Kinga ipo, na nyingi iko mikononi mwa familia.

Kwanza, shambani na ghalani. Mahindi yavunwe mapema yakikomaa na yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo. Yasiwekwe ghalani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Asiye na kipima unyevu atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu, kisha atikise: chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Aflasafe KE01, inayotengenezwa KALRO Katumani, hutawanywa shambani wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua, kilo 4 kwa ekari.

Pili, jikoni. Kupika hakuiondoi sumu. Kuchambua na kukoboa, kama inavyofanywa kwa muthokoi, hupunguza lakini hakumalizi, kwani hata punje safi kwa macho inaweza kuwa na sumu. Mahindi yenye kuvu yasipewe ng'ombe, maana sumu hurudi katika maziwa ya watoto, na yasitengenezewe busaa. Kutupa gunia ni uchungu, hasa karo ya shule inapodaiwa. Lakini gunia lililokaushwa vizuri halitupwi, na ndiyo sababu turubai hulipa gharama yake.

Tatu, chanjo. Tangu mwishoni mwa 2001, watoto nchini Kenya huchanjwa dhidi ya hepatitisi B wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na baadaye saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipungua kwa karibu nusu. Hakuna mtoto anayepaswa kukosa hata sindano moja.

Nne, kupima. Watu wazima wengi walizaliwa kabla ya chanjo hiyo. Kipimo ni cha damu. Anayekutwa na virusi hapaswi kutengwa: haviambukizwi kwa salamu wala kwa kula sahani moja, bali kwa damu, kwa ngono, kwa wembe mmoja na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Zipo dawa za kuvidhibiti, na uchunguzi wa ini kila miezi 6 kwa walio katika hatari huweza kuukuta uvimbe ungali mdogo.

Jeni zilizokwishaharibika ni vigumu kuzirekebisha. Zilizo nzima, hasa za watoto, bado zinaweza kulindwa, kuanzia mavuno haya.