Lepe la Usingizi na Amana ya Roho za Watu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ayatul Kursiyyu tuisomayo kila siku inatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hasinzii wala halali. Basi udhaifu huo ni wetu sisi viumbe, na yatupasa kuujua.

Liko lepe la usingizi limchukualo mtu kwa sekunde chache tu, na pengine macho yake yamo wazi. Fahamu hukatika, kisha hurejea, na mwenyewe hana habari. Dereva aendaye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde; akichukuliwa kwa sekunde 3, gari limekwenda mita zipatazo 66 bila mwenye kuliongoza. Na abiria wametulia, wakimwamini.

Kwa kuwa aliyesinzia hawezi kujishuhudia nafsi yake, na azitazame dalili: miayo mfululizo, kope nzito, kichwa kuanguka ghafla, gari kuiacha njia yake, na kutokumbuka vijiji alivyovipita. Hatari huzidi baina ya usiku wa manane na alfajiri, na tena baada ya adhuhuri. Katika Ramadhani, kwa tarawehe na daku, tujihadhari zaidi.

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamrisha asinziaye katika Sala alale mpaka usingizi umwondoke, kwani huenda akakusudia kuomba maghufira, kumbe anajitukana. Tuzingatie, ndugu zetu: ikiwa Sala, nayo ni nguzo ya dini, huakhirishwa maadamu wakati wake ungalipo, safari ni kitu gani hata isiakhirishwe?

Kufungua dirisha au kupandisha sauti ya redio si dawa. Dawa ni kusimama mahali pa salama na kulala, japo dakika 20. Nanyi wenye magari, msimrudishe njiani dereva aliyekesha kwa tamaa ya nauli. Nanyi wasafiri, msimhimize. Twaogopa kupanda gari la mlevi, na aliyekaa macho saa 17 mfululizo huweza kuendesha kama aliyekunywa.

Kuchelewa kuna fidia. Roho za watu ni amana, nasi tutaulizwa.

Mwenyezi Mungu atuzindue katika mghafala, na awafikishe salama wasafiri wetu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.