Mtandao Una Majibu Mengi, Lakini Mtoto Angali Anangoja Kuulizwa

(Maneno haya yalizungumzwa na mwalimu wa ushauri nasaha mbele ya vijana na wazazi, baina ya Alasiri na Magharibi. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na tunamuomba atufikishe mwisho wake tukiwa na afya na imani. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, mama zangu na baba zangu, nimeombwa nizungumze juu ya misaada iliyomo kwenye mtandao kwa wale wanaoangalia nafsi za watoto wetu shuleni. Najua wako waliosikia neno saikolojia wakasema, leo tumeletewa somo la chuo kikuu na njaa hii! Stahamilini kidogo. Jambo lenyewe ni la nyumbani kwako na kwangu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Juu ya hisabati nimepewa kazi ya ushauri nasaha. Ndivyo ilivyo katika shule zetu nyingi: mwalimu ana vipindi vyake vya kawaida, ana vitabu vya kusahihisha, halafu anaambiwa, na watoto wenye matatizo ni wako. Huko Marekani kuna kazi maalumu inayoitwa mwanasaikolojia wa shule. Wana chama chao tangu mwaka 1969, kwa kifupi NASP, na chama hicho kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500. Hata wao shule nyingi hazifikii kiwango hicho. Sasa sisi je? Basi mtu kama mimi hukimbilia wapi? Hukimbilia kwenye simu. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo leo nataka kuwasimulia, ili mtu asilirudie.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita, katika Ramadhan kama hii, kulikuwa na kijana wa Kidato cha Pili. Alikuwa mtoto mzuri, mcheshi. Ghafla akaanza kulala darasani. Ukimwita hasikii. Analalamika kichwa, analalamika tumbo. Alama zake zikaanguka. Walimu wenzangu wakasema, huyo ni saumu tu imemshinda. Mimi nikajiona mjuzi kuliko wao.

Usiku nikaingia mtandaoni, nikakuta hojaji ya kupima akili za watoto. Sikuangalia imeandikwa na nani wala imekusudiwa nani. Kesho yake nikamkalisha kijana, nikamsomea maswali mfululizo, naye akijibu ndio, la, ndio, ndio. Nikajumlisha, si mimi ni mwalimu wa hisabati! Hesabu ikatoka kubwa. Nikampigia simu nyanya yake, maana anaishi kwa nyanya, nikamwambia maneno ambayo hadi leo nayajutia: "Mtoto wenu ana ugonjwa wa akili."

Wallahi, yule mama mzee alishtuka. Kijana akatolewa shule. Akapelekwa huku kusomewa, akapelekwa kule kutazamwa. Mtaani habari zikaenea. Yeye mwenyewe akafunga mdomo kabisa.

Baada ya Idi nikaenda nyumbani kwao kuomba radhi. Nikakaa barazani na nyanya, na kijana akiwa kando. Sikuwa na karatasi wala kalamu. Nikamuuliza swali moja tu: "Usiku huwa unafanya nini?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Namngoja mama."

Mama yake alikuwa akifanya kazi za nyumbani huko Ghuba. Mwezi wa Ramadhan kazi zake zilikuwa haziishi mpaka usiku mkubwa, na nafasi ya kupiga simu huipata saa saba au saa nane za usiku. Kijana alikuwa hukaa macho akiishika simu ya nyanya. Halafu simu zikakatika. Wiki moja, wiki mbili, kimya. Yeye akaamini kwamba mama amekufa na watu wanamficha. Hakutaka kumtia nyanya hofu, kwa hivyo hakumwambia mtu. Akawa anangoja hadi wakati wa daku, kila usiku.

Mama alikuwa hai, alhamdulillah. Alikuwa amenyang'anywa simu, na baadaye akapiga kwa simu ya mwenziwe. Lakini kijana huyo ilimchukua hadi muhula wa tatu kuniangalia usoni. Maswali mengi niliyomsomea, hakuna hata moja lililomuuliza anamngoja nani.

JE, MTANDAO NI MBAYA?

La, ndugu zangu. Tukisema hivyo tutakuwa tumekimbia lawama. Ubaya ulikuwa wangu mimi niliyeshika chombo nisichokijua. Huko mtandaoni kuna hazina kubwa, tena bure, kwa anayejua mlango wa kuingilia. Nitataja michache.

Kwanza, Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake walitoa mwaka 2011 kitabu cha huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kwa ajili ya watu waliopatwa na msiba mkubwa. Mafunzo yake yamejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama kuna usalama na nani ana haja ya haraka. Sikiliza bila kumlazimisha mtu azungumze. Kisha muunganishe na watu wake na huduma anazohitaji. Kitabu hicho hakikuandikiwa madaktari peke yao. Mwalimu wa madrasa anakiweza. Kijana wa chama hiki anakiweza.

Pili, huko Marekani kuna mtandao wa wataalamu wa watoto waliopatwa na misiba, NCTSN, ulioanzishwa mwaka 2000. Wameweka wazi maelezo kwa walimu na wazazi: mtoto aliyefiwa hujionyesha vipi, na shule ifanye nini baada ya ajali au moto. NASP nao wana kurasa za wazi kwa walimu na familia. Mifano yao mingine ni ya huko kwao, lakini mtoto anayelia ni mtoto popote.

Tatu, kwa wazazi, kuna mradi wa malezi unaoitwa Parenting for Lifelong Health, unaoshirikiana na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Mwaka 2020, wakati wa korona, walitoa karatasi fupi fupi za mashauri zilizotafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100. Shauri lao la kwanza ni jepesi mno: tenga dakika 20 kila siku za kukaa na mtoto mmoja mmoja, simu na televisheni zimezimwa, na yeye achague mtakachofanya. Dakika 20! Sisi tunakaa zaidi ya hizo tukisubiri viazi karai vikaangwe.

Nne, ziko hojaji za kweli. Moja inayotumika sana ni SDQ, iliyotungwa na daktari Mwingereza Robert Goodman na kuchapishwa mwaka 1997. Ina vipengele 25 na imetafsiriwa kwa lugha nyingi. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Ni chujio tu. Inamwonyesha mtaalamu ni mtoto gani aangaliwe kwa makini zaidi. Haitoi jina la ugonjwa. Tena huuliza habari za miezi sita iliyopita, wala haikomei juma hili la daku na usingizi wa mang'amung'amu. Kati ya mambo inayouliza ni kuumwa kichwa na tumbo, na kutotulia. Mtoto aliyefunga saa kumi na tatu, aliyelala saa nne tu, atajibu vipi? Anayempima mtoto wa Kiislamu katika mwezi huu bila kuuliza habari za saumu na usingizi, anapima njaa.

VIPI KUJILINDA

Basi ukitaka kutumia misaada hii, uwe mwalimu, mzazi, au kaka mkubwa nyumbani, shika haya.

Mosi, uliza ni nani aliyeandika. Je, ni chuo, hospitali, chama cha wataalamu? Tarehe ipo? Ameandikia wazazi au madaktari? Ukurasa usio na mwenyewe ni kama dawa isiyo na karatasi, hata ikiwa tamu usiimeze.

Pili, kabla ya karatasi, kaa na mtoto. Watoto wetu hawasemi "nina msongo wa mawazo". Wanasema "moyo wangu mzito", "nafikiria sana", "kichwa chaniuma", ama hawasemi kitu. Hakuna hojaji inayojua kunyamaza kwa mwanao kuliko wewe.

Tatu, linda siri yake. Usiandike jina la mtoto, shule yake na shida yake kwenye tovuti usiyoijua, wala kwenye hizi programu mpya za kuzungumza na kompyuta, wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa ati waombeeni dua. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za mtoto hazitumiwi ovyo bila idhini ya mzazi au mlezi. Na hata pasingekuwa na sheria, aibu ya mtoto ni amana.

Nne, jua pale ambapo mtandao unakoma. Mtoto akitaja kufa, akijiumiza, au ukijua anadhulumiwa, weka simu ya kutafutia habari chini, chukua ile ya kupigia. Kuna nambari 116 ya Childline Kenya. Ni bure, usiku na mchana, na anaweza kupiga mtoto mwenyewe au mtu mzima. Kuna afisa wa watoto. Kuna hospitali. Usimwache mtoto huyo peke yake hata kidogo, na usiseme tutaongea baada ya Idi.

Na nyumbani tuache kumwambia mtoto mwenye huzuni kwamba imani yake ni haba. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na hakuna aliyethubutu kusema Mtume wa Mungu hana imani. Dua tuombe, kisomo tusome, na mshauri tumwendee. Moja haliondoi jengine, kama vile anayevunjika mguu huombewa dua na akafungwa plasta.

NENO KWA VIJANA

Sasa nyinyi vijana msije mkasema, haya ni ya walimu na wazee. Iko kazi iliyofanywa hapa hapa Kenya ambayo yafaa muijue. Kuna taasisi iitwayo Shamiri, na mmoja wa waanzilishi wake ni kijana Mkenya, Tom Osborn. Mwaka 2021 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi. Kundi moja lilifunzwa mbinu za kusoma. Jingine lilikutana mara nne, saa moja kila wiki, wakizungumza juu ya mambo matatu: kwamba mtu hubadilika na kukua, kushukuru, na yale wanayoyathamini maishani. Kundi hili la pili lilipata nafuu zaidi. Na walioongoza vikao si madaktari. Ni vijana waliotoka sekondari juzi, wakafundishwa na wakasimamiwa.

Mmeona? Ni watu wa rika lenu. Hawakutuma kiungo cha tovuti wakaenda zao. Walikaa duara na wadogo zao. Lakini pia hawakujituma wenyewe tu kama nilivyofanya mimi, walifundishwa kwanza na walikuwa na wakubwa wa kuwauliza. Chama kama hiki chenye vijana na ukumbi hakikosi pa kuanzia. Kinachotakikana ni kumtafuta mtaalamu wa kutufundisha, na nia ya kusikiliza.

Nataka kufunga, maana adhana iko karibu na naona macho yanazitazama tende.

Yule kijana wangu leo ni mtu mzima, anafanya kazi. Mwaka jana tulikutana njiani, tukasalimiana. Nikamuuliza, "Ulinisamehe?" Akacheka, akasema, "Mwalimu, ulirudi ukaniuliza." Hilo tu. Ndilo alilolishika.

Basi leo usiku, baada ya tarawehe, kabla hujafungua mtandao kutafuta mwanao ana nini, nenda ukae kando yake. Muulize swali moja. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, awarudishe salama walio mbali na watoto wao, na atusamehe tulipokosea tukidhani tunasaidia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.