Paa Linaonekana, Kitongoji Hakionekani: Zana na Data za Ramani Huria katika Wilaya za Ngara na Biharamulo



Ratiba ya semina hii inanitaka nizungumzie zana na data za ramani huria katika wilaya zetu mbili. Uwanja huo ni mpana, nami nitaubana. Hoja yangu ni kwamba kinachokosekana kwenye ramani ya Ngara na Biharamulo kwa sasa ni majina, hasa majina ya vitongoji, kuliko barabara na nyumba. Zana tutakazotengeneza au kuazima zianzie hapo. Zikianzia kwenye picha za setilaiti, tutapata ramani nzuri ya kutundika ofisini ambayo mhudumu wa afya hawezi kuitumia kumfikia mgonjwa.

Kwanza nieleze tulipofika

OpenStreetMap ilianzishwa London mwaka 2004 na Steve Coast, kwa wazo kwamba mtu yeyote anaweza kuongeza anachokijua kuhusu mahali, na yeyote anaweza kukitumia bure. Tetemeko la Haiti la mwaka 2010 ndilo lililoonyesha kazi yake wakati wa maafa: watu walioko mabara mengine walichora mitaa ya Port-au-Prince kwa siku chache, na waokoaji wakaitumia. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa taasisi ya Humanitarian OpenStreetMap Team.

Kwetu Tanzania mfano unaojulikana zaidi ni Ramani Huria ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015 kwa ajili ya mafuriko. Ilishirikisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu, na miguu iliyotembea ilikuwa ya wanafunzi na wakazi wa mitaa yenyewe. Mwaka huohuo ulianza mradi wa Crowd2Map, ambao ulielekea vijijini, hasa Mara. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walichora nyumba na njia za Serengeti, ili wanaharakati wa nyumba salama ya Mugumu waweze kuwafikia wasichana waliokuwa wakikimbia ukeketaji. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ikatoa michoro ya majengo takribani milioni 18 ya Tanzania na Uganda, iliyotambuliwa na kompyuta kutoka kwenye picha za angani.

Kwa hiyo anayetaka kuhesabu mapaa ya Rulenge, wilayani Ngara, leo hana haja ya kufika Rulenge. Kwa mpangaji wa chanjo au vyandarua hilo ni jambo kubwa, na silibezi.

Picha ya angani isichokiona

Hata hivyo wilaya hizi zina sura yake. Ngara ni nchi ya vilima, na nyumba nyingi zimejificha ndani ya migomba. Kompyuta huona majani. Nyumba ya nyasi iliyozeeka hufanana na ardhi iliyoizunguka, wakati kichuguu kikubwa au mwamba uliotokeza unaweza kuhesabiwa kuwa jengo. Upande wa Biharamulo kuna misitu ya miombo, na humo wamo wafugaji na wakulima waliotawanyika, kila mji mbali na mwenzake. Kuna pia kambi za wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambazo hukua na kutoweka haraka kuliko picha zinavyosasishwa. Mchoraji wa mbali huona njia nyembamba porini asijue kama ni ya baiskeli, ya ng'ombe au ya maji ya mvua.

Kasoro hizo zinarekebishika kwa kwenda uwanjani, kwa picha mpya, na mahali pengine kwa droni, mradi kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kipatikane. Kuna kimoja tu ambacho picha haitakipata hata iwe kali namna gani, nacho ni kitongoji. Kitongoji hakina ukuta wala rangi. Kimo kwenye vinywa vya watu, kwenye daftari la mtendaji wa kijiji na kwenye tangazo la serikali la uchaguzi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulihusu vitongoji takribani 64,000 nchi nzima. Hivyo ndivyo vituo halisi vya maisha ya Mtanzania wa kijijini.

Karani wa mapokezi anapoandika

Mgonjwa akifika hospitali ya wilaya huulizwa anakaa wapi. Hutaja kijiji na kitongoji, na karani huandika kama alivyosikia. Siku za kawaida hilo halimsumbui mtu. Linasumbua siku mbaya.

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kuwa virusi vya Marburg vimethibitishwa Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa kwa vipimo na wengine 8 wamehesabiwa kuwa huenda waliugua ugonjwa huohuo. Wote 10 walifariki. Rwanda, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, ilikuwa imetoka tu kwenye mlipuko wake ulioanza Septemba 2024, na mkoa wetu wa Kagera ulikuwa umeonja Marburg mwaka 2023 huko Bukoba Vijijini.

Fikirini kazi ya ufuatiliaji. Kila aliyegusana na mgonjwa lazima atembelewe kwa siku 21. Anayetembelea ana orodha ya majina na mahali pa kukaa, na pikipiki. Orodha ikiwa na jina la kitongoji lisilopatikana kwenye ramani yoyote, atauliza njiani. Kuuliza njiani, wakati watu wana hofu na ugonjwa wenyewe unatajwa kwa kunong'ona, ni njia ya kumtangaza mgonjwa kwa kijiji kizima. Ramani yenye jina hilo ingempeleka hadi karibu na mlango bila maneno mengi.

Ramani Huria ililikabili jambo hili Dar es Salaam. Katika awamu yake ya pili vijana walitembea na wajumbe wa mashina, wakachora eneo la kila mjumbe. Mkazi wa Tandale huenda hana namba ya nyumba, lakini mjumbe wake anamjua. Ugonjwa wa kipindupindu ukiripotiwa pamoja na jina la mjumbe, mahali pa kuanzia pamepatikana. Kwetu kitongoji kinaweza kufanya kazi ileile, pamoja na anwani za makazi zilizosukumwa na operesheni ya mwaka 2022. Anwani hizo ni hazina, ila mgonjwa mwenye homa hatakumbuka namba ya nyumba. Kitongoji atakikumbuka.

Fundisho la Benaco

Ngara ina historia yake ya kupanga watu kwa majina ya mahali, nayo inafaa ituongoze na pia ituonye. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi kutoka Rwanda wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takribani saa 24, wakatua Benaco. Hakukuwa na ramani ya kuwapokea wengi kiasi hicho. Kilichowezesha chakula kugawiwa ni kwamba waliwekwa kambini kwa kufuata tarafa walizotoka Rwanda. Jina la mahali likawa anwani mpya juu ya ardhi ngeni.

Utaratibu huo ulikuwa na upande mwingine, nao umeandikwa sana. Viongozi walewale wa tarafa, baadhi yao wakiwa wameshiriki mauaji ya kimbari, ndio waliosimamia orodha. Aliyeshika orodha alishika chakula, na aliyeshika chakula alishika watu.

Silinganishi wenyeviti wetu wa vitongoji na watu hao, Mungu aepushe. Nasema tu kwamba taarifa za mahali zikipitia mkono mmoja, mkono huo unapata nguvu usiyostahili. Kwa hiyo mwenyekiti awe chanzo cha kwanza cha jina na cha eneo, na mkutano wa kijiji uwe mhakiki. Kwa sheria mkutano huo hukutana kila baada ya miezi mitatu. Ramani iliyochapwa kwenye karatasi kubwa ikibandikwa ukutani siku hiyo, mabibi na mababu wataisahihisha kwa sauti kubwa kuliko mtaalamu yeyote.

Fomu ndiyo zana kuu

Watu wakisikia zana hufikiria droni na vishkwambi. Mimi nafikiria fomu. Programu ya KoboToolbox au ODK hukaa kwenye simu janja ya kawaida, hujazwa bila mtandao, na hutuma kazi yote siku mwenye simu akifika penye mnara. Mafanikio yatatokana na maswali tutakayoweka humo, na napendekeza tuyafikirie kwa makini kuliko tutakavyofikiria aina ya simu.

Jina la mahali liwe na nafasi zaidi ya moja. Katika Ngara na Biharamulo herufi L na R hubadilishana kila siku: Lusahunga na Rusahunga, Lukole na Rukole. Murgwanza wengine huandika Murugwanza. Kompyuta huona mahali pawili pasipohusiana. OpenStreetMap inaruhusu jina kuu, majina mbadala na jina la zamani kwa nukta moja, kwa hiyo hakuna haja ya kugombana ni lipi sahihi. Liandikwe lililo kwenye kibao au kwenye muhuri wa kijiji, kisha mengine yafuate. Fomu iwe pia na sehemu ya kurekodi sauti ya mwenyeji akilitamka, kwa kuwa kijana wa Kisukuma anayekusanya data miongoni mwa Wahangaza anaweza kukosea asichokisikia vizuri.

Kata na kijiji visiandikwe kwa mkono, vichaguliwe kwenye orodha. Ngara tuna kata ya Kasulo, Kigoma wana wilaya ya Kasulu. Tuna Kabanga yetu ya mpakani, nao wana Kabanga yao. Zote zimepokea wakimbizi na misaada, na herufi moja inatosha kupeleka shehena au takwimu mkoa mwingine. Na kwa vile vitongoji vya Majengo, Azimio na Muungano vimejaa nchi nzima, kila kitongoji kipewe msimbo wake ndani ya hifadhidata yetu.

Kuhusu chanzo cha majina, tahadhari moja ya leseni. Data ya OpenStreetMap huwa wazi kwa wote, pamoja na wafanyabiashara. Hatuwezi kunakili kutoka Google, wala kupakia orodha ya halmashauri au mipaka ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu bila ruhusa ya maandishi. Barua ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ipatikane kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Nukta, si mpaka

Baadhi yenu mtataka tuchore mipaka ya vitongoji kama mashina yalivyochorwa Dar es Salaam. Naomba tusianze hivyo. Ardhi hapa ina ugomvi: wakulima na wafugaji, vijiji na hifadhi, hasa tangu mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yalipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Mstari kwenye simu ya kijana wa kujitolea hauna nguvu ya kisheria, lakini utaoneshwa kwenye baraza la ardhi kama ushahidi, na kijana huyo ndiye atakayeulizwa. Tuweke nukta pale ambapo watu wanasema ndipo katikati ya kitongoji, kwa mfano penye mti wa mikutano, duka au kisima. Kwa kumtafuta mgonjwa hiyo inatosha.

Kuna pia visivyopaswa kuingia kabisa: jina la mwenye nyumba, kabila, uraia, wala nyumba ya mgonjwa. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowaondoa wengi walioitwa wahamiaji haramu, ilipita Kagera, na watu hawajaisahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai hivyo pia. Orodha za wagonjwa zibaki kwenye mfumo wa afya. Ramani ya wazi itoe mahali tu, nao wahusika waunganishe hivyo viwili ndani ya ofisi zao.

Nani ataishika

Miradi ya ramani hufa siku fedha za mradi zinapokwisha. Dawa ninayoiona ni kuifunga kazi hii kwenye ratiba iliyopo tayari: kila mkutano wa kijiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii aulize kama kuna kitongoji kilichogawanywa, kisima kilichokufa au daraja lililosombwa, ajaze fomu, na mtu mmoja wa halmashauri akague kabla ya kupandisha. Awepo na msaidizi wake anayejua nywila zote, kwa sababu uhamisho wa watumishi haubishi hodi.

Tuanze na kata mbili, Kasulo kwa Ngara na Nyakahura kwa Biharamulo. Zote ziko kwenye barabara kuu ya Rusumo, zina wenyeji na wageni, malori na migomba, na kasoro za fomu zitajitokeza mapema. Gharama itakayotusumbua si simu wala bando. Ni mafuta ya bodaboda ya kufika vitongoji vya mwisho na kurudi kuvihakiki. Rasimu ya bajeti iliyo mbele yenu imeweka vishkwambi juu na mafuta chini kabisa, chini hata ya posho ya semina hii. Naomba mpangilio huo ugeuzwe kabla hatujafika kwenye maswali.