Kompyuta Imebadilika, Nasi Tufanyeje?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama siku ya mkutano mkuu)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze, aliniomba nichague jambo lenye manufaa kwa watu wa umri wetu. Nilifikiria shinikizo la damu, nikaona daktari wetu alilimaliza mkutano uliopita. Nilifikiria pensheni, nikaona tutalia. Basi nimechagua kompyuta, na hasa jambo moja ambalo wengi wenu mmenipigia simu kulihusu: mashine uliyoizoea miaka kumi imeondoka, imekuja nyingine, na hujui pa kuanzia.

Chanzo chake ni hiki. Ndani ya kompyuta mna programu nyingi, lakini mna mmoja unaozitawala zote, nao huitwa mfumo endeshi. Kazi yake ni ya bwana stoo na mwalimu wa zamu kwa pamoja. Ndio unaogawa nafasi ya kumbukumbu, ndio unaojua kila faili limewekwa wapi, ndio unaosimama getini kumzuia asiyehusika. Wengi wetu hapa tulikuwa tukitumia Windows 10, iliyotoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuupa mfumo huo marekebisho ya bure ya usalama, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi ulitangazwa kufika tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine yenye mfumo huo haifi siku hiyo. Inawaka kama kawaida. Lakini mlinzi wa geti amekwenda likizo isiyo na mwisho, na wezi wanazo habari.

Ndiyo maana wanenu na wajukuu wenu wamewahamisheni kwenye Windows 11. Wamefanya vema. Ila walipomaliza kuhamisha walikunja mikono wakaondoka, wakamwacha mzee na kioo chake.

Sasa niseme juu ya kile kioo. Unachokiona mashine ikiwaka huitwa dawati, na jina hilo halikuja kwa bahati. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa kampuni ya Xerox, katika maabara yao ya Palo Alto, California, walifikiri kwamba mtu wa ofisini ataielewa mashine upesi akiona mfano wa meza yake: karatasi, majalada, kikapu cha taka. Xerox waliuza kompyuta ya namna hiyo, iliyoitwa Star, mwaka 1981. Apple wakaja na Macintosh Januari 1984. Sisi wengi tulikutana na dawati kwa njia ya Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, na ndiyo iliyoleta kile kitufe cha Start pembeni kushoto, chini, pamoja na ule upau mrefu unaoonyesha kazi zilizofunguliwa. Hebu hesabuni. Kuanzia hapo mkono wa mtu umefundishwa kwenda pembe ile ile. Huo si ujuzi wa kichwani tena; ni wa mkono wenyewe, kama kupiga taipu bila kutazama herufi.

Mwaka 2012 katika Windows 8 kitufe hicho kiliondolewa kabisa. Yakapigwa makelele, na Oktoba 2013 katika Windows 8.1 kikarudishwa. Nalitaja hili ili msidhani ni uzee wetu. Vijana wa Ulaya na Marekani nao walipotea njia, tena wakalalamika kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, haikukiondoa kitufe, imekisogeza katikati. Na katika ile pembe ya kushoto imeweka hali ya hewa na habari za magazeti.

Mtanielewa zaidi nikiwaambia habari za mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu niseme ila nisimtaje jina. Orodha iliyosomwa asubuhi hii tuliposimama kimya kuwakumbuka wenzetu waliotangulia ni kazi ya mikono yake. Kwa miaka kadhaa amekuwa akiandika katika kompyuta majina ya kila tuliyelala naye bwenini, alikokwenda, kazi aliyofanya, na kama bado yu hai. Hakuna nakala nyingine ya kazi hiyo. Mwanawe alimletea mashine mpya, akamhamishia mafaili yote salama. Baada ya hapo mzee akaacha kuandika. Miezi minne hakuingiza jina hata moja, na katika miezi hiyo minne tumezika.

Nilipomtembelea nikamwuliza kulikoni. Akanijibu, "Bwana, hii ni nyumba ya mtu mwingine. Mimi ni mgeni humu. Sijui hata choo kiko upande gani."

Nikamwomba afanye kazi mbele yangu. Akapeleka kipanya pembeni kushoto, akaletewa mawingu na habari za nchi za watu. Akabonyeza kitufe cha kulia ili anakili jina, akakuta orodha fupi na vipicha vidogo juu yake. Na kwa kuwa alipasuliwa mtoto wa jicho, mshale wa kipanya ulikuwa ukimpotea kama sindano katika nyasi. Mtu huyu hakuwa amesahau kompyuta hata kidogo. Alikuwa amenyimwa alama za njia tu.

Tukaketi tangu adhuhuri hata alasiri. Nawaeleza tuliyoyafanya, nanyi mwandike.

Kwanza macho, maana yasiyoonekana hayazoeleki. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi I, utafunguliwa mipangilio. Ingia penye alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Hapo ndipo pa mahitaji maalumu, na mtu asione haya kuingia. Humo mna kijiti cha kuongeza ukubwa wa maandishi, kuanzia asilimia 100 hadi 225. Mwenzetu tuliishia 150, kwa sababu ukizidisha maneno yanaanza kukatika pembeni. Mlango wa pili ni wa mshale wa kipanya: unaweza kuukuza na kuupaka rangi. Wake sasa ni wa manjano na unene wa kidole. Tena, wakati wowote ukikwama kusoma, bonyeza kitufe cha dirisha pamoja na alama ya kujumlisha, kioo chote kitakuzwa. Ukitaka kurudi, kitufe cha dirisha na Esc.

Pili, kitufe cha Start. Weka kipanya mahali patupu kwenye upau wa chini, bonyeza kulia, chagua mipangilio ya upau. Shuka mpaka panapohusu tabia za upau, na pale penye mpango wa kukaa katikati, chagua kushoto. Kitufe kitarejea nyumbani papo hapo. Katika ukurasa huo huo mna swichi ya kuzima zile habari na hali ya hewa. Nimeizima kwangu, nimeizima kwake, na sijaona hasara. Mvua tunaiona mlangoni. Humo pia waweza kuamuru kila kazi iliyofunguliwa iandikwe jina lake badala ya kuonyeshwa kipicha peke yake. Jambo hili lilikuwa limeondolewa mwaka 2021, likarudishwa 2023.

Tatu, ile orodha iliyofupishwa. Ukishikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza kulia juu ya faili, utaletewa orodha ndefu ya zamani yenye maneno yote. Mwenzetu alipoiona alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nne ni dawati lenyewe. Katika mashine mpya ile alama ya kompyuta yako, tuliyozoea kuiona juu kushoto, imefichwa. Nenda kwenye mipangilio, penye alama ya brashi ya rangi, ingia katika mandhari, utaona pa kurejesha alama za dawati. Kisha ukiwa juu ya dawati shikilia Ctrl na uzungushe gurudumu la kipanya, alama zote zitakua au kupungua. Tuliweka alama tatu tu: kompyuta, orodha yake ya majina, na barua. Vijana hujaza dawati mpaka kioo hakionekani. Hiyo ni fujo, na kiranja wa bweni letu angeikataa.

Kuhusu picha ya nyuma tulibishana. Yeye alitaka picha yetu ya kumaliza Kidato cha Nne. Mimi nilisema picha yenye nyuso nyingi humeza alama zote. Mtakumbuka Windows XP ya 2001 na kile kilima cha kijani chenye anga la bluu: ni picha halisi, iliyopigwa na Charles O'Rear mwaka 1996 huko Sonoma, California, nayo ilifaa kwa sababu haikuwa na vitu vingi. Tukapatana. Dawati likapakwa rangi moja ya bluu iliyokolea, na picha yetu ikawekwa kwenye ukurasa wa mlangoni, ule unaoonekana kabla ya kuandika neno la siri. Sasa kila asubuhi anatusalimu wote, kisha anaingia kazini.

Zamani hapa mtu akichonga jina lake juu ya dawati alifyeka majani Jumamosi nzima. Dawati hili la sasa limetengenezwa lichongwe. Aliyekuuzia mashine amelipanga kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Kabla sijaketi, neno moja juu ya maabara ya shule, kwa kuwa mchana tutapiga kura. Windows 11 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, kinachotunza funguo za siri ndani ya mashine. Na kwa wasindikaji wa Intel inadai, kwa jumla, kizazi cha nane na kuendelea, ambacho kilianza 2017. Kompyuta nyingi za maabara ni za kabla ya hapo. Kuna pendekezo zitupwe. Mimi napinga. Upo mfumo wa bure uitwao Linux Mint, ulioanza 2006, ambao unaridhika na gigabaiti 2 za kumbukumbu na 20 za nafasi, na kitufe chake kiko pembeni kushoto pale pale. Unaweza kuujaribu kutoka kwenye kijiti cha USB bila kufuta kitu. Na wanaodhani mifumo ya bure si kazi ya watu wetu wakumbuke kuwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Naomba tujaribu mashine moja kwanza, wanafunzi waitumie muhula mmoja, ndipo tuzungumze habari ya kununua.

Baada ya chakula nitakuwa darasa la Kidato cha Pili, mkondo A, lile la karibu na tangi la maji. Mwenzetu niliyemtaja atakuwepo na mashine yake, na anayo nafasi ya kuandika majina ambayo bado hayajaingia. Mje na kompyuta zenu, waya za chaji, na miwani ya kusomea.