Wachache kwa Sababu Gani? Idadi ya Watu na Njia ya Rangwi

Kila bajeti ya barabara za vijijini inapojadiliwa husikika hoja kwamba kijiji cha mlimani kina watu wachache, na kwa hiyo fedha ya umma iende kwenye wingi wa watu. Wanaoisema huegemea Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 2009, iliyotolewa na Benki ya Dunia. Ripoti yenyewe ilikuwa makini kuwashinda wanaoinukuu: ilitenganisha maeneo yaliyo nyuma kimaendeleo yenye watu waliotawanyika na yale yenye msongamano, na haya ya pili iliyapendekezea barabara. Milima ya Usambara ina msongamano. Rangwi, kijiji kimojawapo cha milima hiyo, ni kidogo na kiko mbali, lakini kimezungukwa na mashamba yaliyogawanywa kwa urithi hadi yakawa vipande, si na pori lisilo na mwenyewe.

Tazameni sensa. Wilaya ya Lushoto, pamoja na Bumbuli, ilikuwa na watu 419,970 mwaka 2002 na 492,441 mwaka 2012, ongezeko la takriban asilimia 17. Katika miaka hiyohiyo taifa liliongezeka kwa asilimia 30. Uzazi peke yake hauwezi kueleza pengo hilo. Vijana wa Usambara wanahesabiwa Tanga na Dar es Salaam. Kwa hiyo anayesema watu ni wachache mno kustahili barabara anatumia matokeo ya kukosa njia kuhalalisha kuendelea kuikosa, na sensa inayofuata itampa ushahidi mpya.

Nitajibiwa kwamba wanahama kwa uhaba wa ardhi. Ni kweli, na sitaki kuipunguza kweli hiyo. Lakini robo eka ya kabichi au karoti inaweza kulisha nyumba ikiwa mzigo utafika soko la Lukozi, kisha Kariakoo, Dar es Salaam, kabla haujaoza. Lami hupanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto. Rangwi iko mbele zaidi, na masika yanapoifanya njia iteleze, mnunuzi hukata gharama ya tope kwenye bei ya mkulima. Uhaba wa ardhi na ubovu wa njia havitenganishwi kirahisi namna hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba barabara nzuri itawachukua vijana haraka zaidi. Huenda wengine ikawachukua. Ila njia inayomwezesha kijana kuondoka humwezesha pia kurudi msimu wa kupanda, kuleta mbolea na kumfikisha mama mjamzito hospitali. Kumzuia mtu kijijini kwa kumnyima njia si sera ya idadi ya watu.

Hapa nawaomba tuurejee mradi ambao nchi hii imeusahau mapema mno: Makete, milima ya kusini, ulioanza mwaka 1985 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Watafiti wake hawakuanza na magari. Walihesabu safari za kaya, za maji, kuni, mashine ya kusaga na shamba, wakakuta kwamba nyingi hufanyika kwa miguu, ndani ya kijiji na pembezoni mwake, na kwamba sehemu kubwa ya mzigo iko kichwani na mgongoni mwa wanawake. Kwa hiyo mradi ulitengeneza vijia na vivuko, ukahimiza matumizi ya punda. Uzuri wa kazi ile ni kwamba ilipima uzito uliobebwa na muda uliotumika, mambo mawili ambayo ramani haiyaoni. Kipimo kinachotumika leo kimataifa huuliza ni wangapi wanaishi ndani ya kilomita 2 za barabara inayopitika mwaka mzima. Kwenye tambarare kilomita 2 ni kilomita 2. Usambara zinaweza kuwa korongo la kushuka na mlima wa kupanda, na mtu ana gunia la viazi kichwani.

Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, upo tangu 2017, nao una kilomita nyingi kuliko fedha zake. Kwa Rangwi ningeanza na madaraja madogo, mifereji ya kuondoa maji barabarani na vijia vinavyoshuka mashambani, kabla ya kutaja lami. Na kabla ya kuhesabu wakazi ningehesabu mizigo.